Titi la Wifi

Kichanga kinalia mpaka sauti inakauka. Mama yake kakaa pembeni, maziwa yanamchuruzika, kanga imelowa yote kifuani.

Na hataki kumnyonyesha.

Majirani pale Kiberege wakaanza kunong'ona: huyu mwanamke ana jini.

Mwanamke mwenyewe ni Minza. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Yeye na mumewe Obed walishuka bonde la Kilombero na ng'ombe wao, wakitokea Usukumani. Mtoto wao wa kwanza alikonda, akaharisha, akafa kabla hajasimama dede. Hakuna aliyejua kafa kwa ugonjwa gani.

Mimba ya pili, Minza akaenda kliniki Ifakara. Nesi Restituta akamshauri apime damu.

Majibu yakatoka. Ana virusi vya UKIMWI.

"Dawa ya kumkinga mtoto tunasikia nje ipo, huku haijatufikia," nesi akamwambia taratibu. "Lakini nyie mna ng'ombe. Njoo uzalie hospitali. Ukishajifungua, usimpe titi hata mara moja, liwe lako au la mtu ambaye hajapima. Chemsha maziwa, changanya na maji yaliyochemka na sukari kidogo, mnyweshe kwa kikombe kisafi. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

Obed alipoambiwa, naye akapima, akakutwa navyo. Ndipo akasema, "Mama yangu asijue."

Balaa likaanzia hapo. Maana aliyekuja kumuuguza mzazi ni huyo huyo mama, bibi Mbuke.

"Mtoto wa mtu anakunywa kwa kikombe kama ndama yatima?" bibi akafoka. "Mpe titi!"

"Mayu, mama yangu, hospitali wamenikataza."

"Hospitali ndiyo iliyokuzaa?"

Kila siku hivyo hivyo. Minza akawa hampi mtu mtoto. Hata chooni anakwenda mbio, anarudi mbio.

Siku moja Obed yuko machungani, kuni zikaisha. Bila kuni maziwa hayachemki. Minza akatoka kidogo tu, nyuma ya majaruba ya mpunga.

Akiwa anarudi akamsikia mtoto analia. Halafu sauti ya bibi:

"Mpe! Mpe upesi kabla hajarudi!"

Kuni zikaenda huko. Minza akachomoka kama mshale.

Ndani kamkuta Yunis, wifi yake, dada wa Obed aliyeolewa kijiji cha jirani, naye ana mtoto anayenyonya. Kakaa mkekani, kifua wazi. Kichanga kimefungua mdomo, titi linakigusa shavuni.

Minza akampokonya.

"Mchawi wewe!" bibi akapiga yowe. "Humnyonyeshi, na kunyonyeshwa hutaki! Unataka afe kama yule wa kwanza?"

Minza akamkumbatia mwanawe. Akamkumbuka Obed na katazo lake.

Potelea mbali.

"Yule wa kwanza alifia kwenye titi langu, mayu, bila mimi kujua! Nina UKIMWI. Mimi na mwanao! Huyu namtafutia uhai. Niacheni!"

Bibi Mbuke akakaa chini.

Yunis akajifunga kanga, kanuna. "Sawa, wifi, wewe unaumwa. Mimi je? Titi langu lina nini?"

"Umepima?"

Yunis akatikisa kichwa.

Wiki ile ile wakaenda Ifakara pamoja. Yunis alikwenda ili kumtuliza wifi yake tu. Mwanamke mnene, anang'aa, hajawahi hata kulazwa.

Akapima.

Naye ana virusi.

Bibi Mbuke alipoambiwa, hakulia. Alikwenda jikoni, akabandika maziwa ya mjukuu, akakaa anayalinda yasifurike. Tangu siku hiyo kazi hiyo hakumwachia mtu.

Yule kichanga, Anold, alipofikisha umri wa kupimwa, alikutwa mzima. Leo ni baba wa watoto.

Mwana wa Yunis alikuwa ameshanyonya muda mrefu. Masika iliyofuata wakamzika.

Ndugu zangu, siku hizi dawa zipo. Mama anameza, ananyonyesha, na mtoto anakua salama. Lakini lazima upime kwanza, na baba naye apime. Unene na kung'aa havimwambii mtu kitu.

Yunis alimpenda mwanawe kama Minza alivyompenda wake. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumwambia apime.