Forodha ya Tumbo la Mama

Mama yangu anauza vitenge Kariakoo kwa jumla, na mtu wa jumla hajui kitu kinachoitwa kidogo. Hata tumbo lake. Alipoanza dripu za saratani lilimgeuka vibaya, akawa anaingia chooni mara nyingi kuliko wateja wanavyoingia dukani. Daktari akasema wazi: hali hii isipotulia, dripu inayofuata anaiahirisha. Mama haogopi dripu. Kuahirishwa ndiko kulikomkosesha usingizi.

Sasa, mtaani kwetu mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na kila mfanyabiashara analeta anachouza. Bahati nzuri hatupakani na wauza matairi. Walikuja na unga wa mlonge, vidonge vya kitunguu saumu, chupa za kuondoa sumu mwilini. Kila mmoja alikuwa anahubiri antioksidanti, kinga ya seli, kama vile kaisoma chuo. Mama akameza vyote, maana kumrudishia jirani zawadi ni kumtukana, na tumbo likazidi kuchachamaa.

Siku ya kliniki nilimsindikiza Mama, nikasomba kila kitu kwenye kiroba, nikakimwaga mezani kwa daktari, dada mmoja mpole wa uso tu.

"Shikamoo daktari. Tumekuletea bohari."

"Marahaba. Kwani mgonjwa ni wewe?"

"Mimi msafirishaji."

Hakucheka. Alichambua. Matunda na mboga za kupikwa, Mama ale tu. Vidonge, unga na chupa za antioksidanti viwekwe pembeni mpaka matibabu yaishe, maana vikizidi huenda vikazikinga hata seli za saratani zinazotakiwa kufa. Halafu akasema kuna vidonge vya bakteria wazuri, vinavyowasaidia baadhi ya wagonjwa kutuliza tumbo, ila vianze chembe nyeupe za damu, ambazo dripu imezishusha, zikishapanda. Mwalimu wetu wa baiolojia anatunawisha mikono kila siku kwa sababu ya bakteria, kumbe wengine wanauzwa famasi.

Mama akaanza kupatana naye. "Nianze leo basi, mwanangu. Hata nusu."

"Mama, hapa hakuna bei ya jioni ya kumalizia mzigo," nikamkatiza.

Tulivyorudi nikafungua forodha. Nikitoka shule naketi mlangoni na sare yangu, kila mzigo unakaguliwa. Muuza mlonge aliniita mkoloni, nikamshukuru kwa niaba ya serikali. Yote hayo yalikuwa mepesi, mpaka alipofika mama mkubwa, dada yake Mama, kutoka Moshi. Alikuwa na kibuyu cha mtindi, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, hayajaona moto.

"Shikamoo mama mkubwa. Mzigo haupiti."

"Marahaba. Pisha."

"Haupiti, mama."

"Mtindi huu nilikunywesha wewe huna jino hata moja."

"Ndiyo maana nimekuwa hivi."

Akacheka, ila mguu ulikuwa umeshavuka kizingiti. Ikabidi niache utani. Nikamwambia damu ya Mama kwa sasa haina askari. Wadudu wa kwenye kibuyu hata wawe wapole namna gani, wanaweza kumletea homa, na akipata homa dripu hakuna. Nilimwambia nikiwa nimesimama, nimeshika fremu ya mlango pande zote mbili.

Akarudisha mguu nyuma. Kisha akanikabidhi kibuyu. "Basi kunywa wewe. Usibakize." Akapita jikoni kupika mtori wa ndizi, akauchuja mpaka ukawa laini.

Mtindi niliumaliza. Kazi ngumu, lakini serikali haichoki.

Damu ya Mama ilipopanda, daktari akaruhusu vile vidonge. Tumbo likatulia polepole. Ni vidonge, ni mtori, au ni zile chupa tulizoziacha? Daktari mwenyewe hakuapa, mama mkubwa anaapa ni mtori, na mimi sibishani na mtu anayenipikia. Ninachojua ni kwamba tulirudi hospitali kwa tarehe ileile iliyopangwa, na nesi alipofungua mlango kuita watu wa dripu, Mama alikuwa ameshasimama kabla hajasikia jina lake.