Ndama Aliyesimama Kisarawe

Nyumbani kwetu Janga, ndama hasifiwi siku anayozaliwa. Baba yangu, aliyehamia Pwani na ng'ombe wake kutoka kaskazini, haruhusu mtu kutoa hongera mpaka ndama asimame mwenyewe na kunyonya. Ukiropoka mapema, anakutazama mpaka unaona haya.

Nilikuwa nalijua hilo, na bado aliniudhi. Siku setilaiti yetu iliporushwa kutoka nchi ya mbali, tulitazama kwenye televisheni na nyumba ikajaa. Shangazi zangu walipiga vigelegele. Mwalimu wangu wa fizikia wa sekondari ya Tumbi, aliyenitetea nilipokuwa msichana pekee darasani, alitokwa na machozi. Setilaiti yenyewe ilikuwa ndogo, mtu anaibeba kwapani, lakini niliisanifu mimi, baada ya kusoma ugenini miaka mingi na kurudi kuambiwa kwamba mambo ya anga hayatuhusu. Tuliiwekea kamera ya kutazama nyasi na maji, ili wafugaji wajue pa kupeleka mifugo. Baba akachukua fimbo yake, akaenda zizini bila kunipa hongera. Roho iliniuma, tena sana.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kisarawe, kwenye kituo chetu cha kupokea mawimbi. Setilaiti ilipopita juu yetu tulisikia mkwaruzo mtupu. Nilipogeuka, Baba alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwalika.

"Shikamoo, mzee," wenzangu walimwamkia.

"Marahaba. Haijasimama?"

"Bado, Baba," nikasema. "Itapita tena baada ya saa moja na nusu."

"Basi nipeni kiti."

Alikaa, fimbo magotini. Kuwapo kwake kulinipa moyo na kunitia hofu, maana kama ni kushindwa, ningeshindwa mbele ya macho yake. Muda ulipofika antena ikageuka taratibu, na ndani ya ule mkwaruzo ikatoka milio mifupi mifupi, safi kabisa. Wenzangu waliruka wakakumbatiana.

"Ndiyo yenyewe?" Baba aliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

Alisikiliza mpaka mlio wa mwisho. Kisha akainuka, akavua kofia, akanipa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, kama anavyowasalimia waliomzidi umri.

"Hongera, mama."

Nilikuwa nimepewa vyeti ughaibuni, na hakuna hata kimoja kilichonifanya nijione mkubwa namna ile. Baba aliaga akatangulia. Mimi nilibaki na kazi mpaka alasiri.

Niliposhuka kituo cha Kwa Mathias kubadilisha gari, mama mmoja muuza mahindi, nisiyemjua, alinipa hindi la kuchoma na kukataa pesa.

"Si wewe mtoto wa yule mzee wa fimbo?" aliniuliza. "Ametuonyesha picha yako kwenye simu. Yuko palee, tangu mchana anatangaza sifa zako, mabasi ya kwao yanakuja yanamwacha."