Visahani vya Mzee Rangi

Alipostaafu, Mzee Rangi alirudi nyumbani na vitu viwili kutoka kazini: kikohozi na makopo matupu ya rangi. Kikohozi kilikataa kila dawa. Makopo aliyatoboa chini kwa msumari, akayajaza udongo, akapanda maua na kuyapanga kibarazani kwake ghorofani. Msidhani alikuwa mpenzi wa maua. Maisha yake yote alipaka kuta za watu, na ua pekee alilolijali ni lile la kwenye pazia la mteja, lisije likarukiwa na rangi. Lakini mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na binti yao aliolewa mbali, akipiga simu mara moja moja: "Baba hujambo? Umekula?" Basi, imekatika.

Muuza miche wa nje ya duka la vifaa vya ujenzi alimpa petunia na zinia, pamoja na somo.

"Haya ni ya msimu mmoja, mzee. Yanachanua, yanakufa, unapanda mengine. Kabla hujamwagilia, chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na unyevu, yaache. Wengi wanayaua kwa maji."

Siku ya kwanza alisahau somo lote, akamimina ndoo nzima. Maji yakapita kwenye matundu, yakatiririka hadi ukingoni mwa kibaraza, yakaangukia shuka zilizoanikwa ghorofa ya chini. Haukupita muda mlango ukagongwa kwa kiganja kizima. Alikuwa fundi cherehani wa chini, mama mwenye goti bovu na mdomo usio na ubovu wowote.

"Mzee! Unapanda maua au mpunga?"

Mzee Rangi aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Mama wa watu alikuwa anahema kwa ngazi, Mzee Rangi akamvutia kiti, akampa chai. Na wakati goti likitulia, fundi akaanza kusimulia habari za mteja aliyenenepa kisha akadai gauni ndilo lililopungua. Mzee Rangi alicheka hadi kikohozi kikamshika. Alipobaki peke yake, alivitazama vikombe viwili mezani. Hakukumbuka mara ya mwisho nyumba ile ilipohitaji cha pili. Hakukiosha mpaka kesho yake.

Hapo ndipo shetani alipompitia. Kila Jumamosi, fundi alipoanika, Mzee Rangi alitoka kibarazani akachungulia. Zikiwa nguo za wateja, alijizuia, maana hakuwa mtu mbaya. Zikiwa shuka, alichomeka kidole kwenye udongo, kikatoka kimelowa chepechepe, naye akamimina hivyo hivyo. Kisha aliingia ndani, akabandika birika jikoni, akakaa kujitia hamnazo.

"Mzee! Shuka zangu zimekukosea nini?"

"Ah, fundi, nisamehe, ni uzee tu. Karibu ukae."

Yaliyoumia ni maua. Majani ya petunia yaligeuka njano, mashina yakalegea, udongo ukanuka kama tambara la jikoni lililosahaulika. Alipong'oa mche mmoja, mizizi ilimkatikia mkononi, myeusi na laini. Alijua vizuri nani kauua. Aliona haya, mtu mzima na mvi zake, akiona haya mbele ya mche. Akanunua mingine, na Jumamosi akainua ndoo.

Siku moja fundi alipanda ngazi bila kelele. Alikuwa na kifurushi cha gazeti, na ndani yake visahani vya plastiki.

"Nimeviona sokoni nikakukumbuka. Weka kimoja chini ya kila kopo, maji hayatashuka tena. Umri wako si wa kuomba radhi kila wiki, mzee wangu."

Mzee Rangi alivipokea kwa mikono miwili. Fundi hakumaliza hata chai, alikuwa na gauni la mtu la kukamilisha.

Maua yakapata nafuu. Mzee Rangi, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, sasa alilifuata somo: alichomeka kidole, akasubiri udongo ukauke, akamwaga maji yaliyobaki kwenye visahani, akakata maua yaliyonyauka ili mapya yaje. Zinia zilichanua nyekundu, petunia zikajaa hadi kuning'inia nje ya kibaraza. Wapita njia walisimama chini wakatazama juu. Ngazi hakupanda mtu. Jumamosi birika lilichemka, likapoa. Ikaja nyingine, likachemka, likapoa. Alisikia cherehani ya chini ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama, akachukia kila ua lililofunguka.

Mwishowe akaondoa visahani, akainua ndoo. Kwa mazoea tu, akachomeka kidole. Udongo ulikuwa na unyevu, na petunia ilikuwa imejaa matumba tele.

"Hapana," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Hili siliui."

Aliweka ndoo chini. Akalibeba kopo lenyewe, akapiga moyo konde, akateremka.

Fundi alifungua mlango, tepu ya kupimia shingoni. Kitu cha kwanza, alitazama kule kwenye kamba ya nguo.

"Maji tena?"

"Hapana. Hakuna maji."

"Basi kuna nini?"

Mzee Rangi alikuwa tayari kuomba radhi, maana mazungumzo yao yote yalianzia hapo. Leo hakuwa na kosa la kushika.

"Hakuna kitu," alisema. "Nimekuja tu. Kule juu nina upweke, fundi."

Fundi alimtazama, akalitazama kopo, kisha zile ngazi nyuma yake.

"Na mimi unadhani nilikuwa napanda na goti hili kwa ajili ya shuka?" aliuliza. "Nilikuletea visahani nikijua maji yakikoma, utaniita kama mtu anavyomwita mtu. Nikangoja. Hukuniita."