Sumaku Chini ya Kamyo

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kamyo, yale malori ya kobalti, zina sumaku tumboni. Si sumaku ya kuchezea watoto. Hii ilikuwa na ukubwa wa mlango wa kanisa, imefungwa chini ya chesi ili hata punje ya madini ikidondoka njiani irudi yenyewe kwenye mzigo. Kwa hiyo baiskeli ikikaribia, inavutwa. Na inavutwa zaidi, walisema, ile iliyowahi kubeba madini ya wizi, maana chuma kikishaonja kobalti huitika kinapoitwa. Pale Kolwezi maneno haya yalisemwa sokoni, kwenye foleni ya maji, hata matangani. Mimi, niliyekuwa nimetoka kupata diploma ya masomo ya jioni, niliyatetea kwa sura nzima ya fizikia. Mtu akitilia shaka, nilimchorea mistari ya sumaku mavumbini kwa kidole mpaka akaomba msamaha.

Ndiyo maana asubuhi ile, kwaya yetu ilipokusanyika uwanja wa parokia kuanza safari yetu ya kila mwaka ya baiskeli hadi Lubumbashi, kila kinga ilikuwa imevikwa mpira. Kinga ndilo jina letu la baiskeli. Tulikata mipira ya ndani ya magurudumu iliyochakaa, tukaizungusha kwenye fremu, kwenye usukani, hata kwenye bomba la kiti, ili sumaku ikose pa kushika. Kinga yangu ilinenepa kama kiboko mwenye mimba. Padri akazinyunyizia maji ya baraka, na maji yakateleza juu ya mpira bila kugusa chuma.

Kati yetu alikuwamo mjane. Mume wake, sauti nene kuliko zote katika kwaya, aligongwa na kamyo katika barabara hiyohiyo akirudi kuuza makala, yaani makaa ya kupikia, wiki chache kabla ya safari ya mwaka uliotangulia, ambayo alikuwa ameisubiri kama mtoto anavyosubiri Noeli. Fundi aliinyoosha kinga yake. Sasa mama huyo alikuja kuiendesha mwenyewe, aifikishe kule marehemu alikotaka kufika.

Prezidan wa kwaya, mshona nguo mwenye filimbi shingoni na kaptura iliyopigwa pasi, akamwita kando. Si mbali sana, ili sote tusikie.

"Mama, we utakuwa nyuma kabisa."

"Ju ya nini, tata?"

"Ile kinga ilishavutwaka mara moja. Kamyo zinaijua. Nikikuweka katikati, itatuvutia kamyo, batu bote."

"Bwana yangu hakubebaka madini ata siku moja. Alikuwa anabeba makala."

"Mi nilisema madini? Mi sikusema kitu."

"Basi nitakaa katikati."

"Nyuma, mama."

Hapo ndipo hasira yangu iliposhuka kitandani. Sumaku niliiamini, sikatai. Lakini kumwita marehemu mwizi mbele ya mke wake, kisha kusema mi sikusema kitu, huku umesimama kwenye uwanja wa kanisa na kaptura yenye mstari wa pasi? Na wengine wote, watu wazima wenye sauti za kutikisa mabati siku ya Pasaka, wakageuka kukagua breki zao. Sijawahi kuona breki zikikaguliwa kwa upendo kiasi kile. Nikaenda kujipanga mbele tu ya mjane, wa pili kutoka nyuma. Prezidan akanipulizia filimbi. Nikajifanya kiziwi.

Tukatoka mjini. Tangu mwanzo kamyo zilitupita, moja na nyuma yake nyingine, na nyuma yake mtoto wa mjomba wake, hazina mwisho. Upepo wa mojawapo ulining'oa jino, naapa, na jino lenyewe lilikuwa limeshika vizuri. Vumbi tulilokula kabla ya kufika daraja la Lualaba lingetosha kufyatulia matofali ya nyumba ya vyumba vitatu na jiko. Nikawa nakanyaga na kusonya, nakanyaga na kusonya. Madini yanachimbwa chini ya vitanda vyetu, yanapita mbele ya pua zetu, na njia haituachii hata upana wa mkeka. Nikamwambia hivyo mjane, kwa kelele, bila kugeuka.

"Kanyaga, tata," alinijibu. "Utakasirika tukifika."

Baada ya daraja kuna kilima chenye kona. Nilisikia honi nyuma yetu, ndefu. Nikageuza shingo. Kamyo ya kijani ilikuwa imejaza upande wetu wote wa lami, haipungui mwendo, na mjane alikuwa mbele yake na kitambaa chake chekundu kichwani. Akaruka na kinga yake kwenye majani. Mimi nikafuata. Kamyo ikapita, honi yake bado inalia.

Alikuwa hai. Kiwiko kilitoka damu, na gurudumu la mbele lilipinda. Prezidan akarudi akikimbia, filimbi inamgonga kifuani.

"Munaona? Imemuvuta."

"Imemuvuta wapi, tata?" nilimwambia. "Kamyo imepita kule, yeye ameangukia huku. Sumaku ingemupeleka kule."

"We mwenyewe ulitufundisha. Upande moja unavuta, upande ya pili unasukuma."

Ilikuwa sura yangu, kwa maneno yangu. Ningekuwa na kile kitabu cha fizikia mkononi ningekila, jalada na yote.

Tukasukuma kinga hadi peaji, pale magari yanaposimama kulipia njia. Prezidan akasimamisha taksibisi inayorudi Kolwezi, na kabla hatujapumua konvoyeri, utingo wake, alikuwa juu ya paa akiifunga kinga ya mjane kwa kamba.

"Panda, mama. Urudie nyumba."

Mjane hakupanda. Alijua, na sote tulijua, kinachomngoja. Akirudi mchana ule na gurudumu limepinda, mtaa mzima ungesema sumaku imetoa ushahidi. Mumewe angekuwa mwizi milele, na watoto wake wangeenda shuleni na jina hilo mgongoni.

Katika foleni ya peaji ilisimama ile kamyo ya kijani. Dereva wake alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango, anakula muhogo wa kuchemsha. Mjane akamwendea. Nikamfuata nimekunja ngumi mbili. Ningekuwa na ya tatu ningeikunja pia. Prezidan akaja nyuma yetu.

"Jambo, tata."

"Jambo, mama."

"Kamyo yako iko na sumaku?"

Dereva akainama kutazama chini ya gari, kama mtu anayehofu kwamba wamemwekea kitu usiku.

"Sumaku ya kufanya nini?"

"Ya kuvuta kinga. Zaidi ile yenye ilibebaka madini."

Nilingoja acheke, nipate sababu. Hakucheka. Aliutazama mpira uliozungushwa kwenye kinga yangu, akatazama kiwiko cha mama, akauweka muhogo juu ya goti.

"Umwambie kweli, tata," prezidan akasema. "Batu banangojea."

"Yenye kubeba madini, yenye kubeba makala, kwangu yote ni kinga," dereva alimjibu mjane, si prezidan. "Hakuna sumaku, mama. Nilikuona toka mbali, na kile kitambaa chako. Siye hatutokake mu njia ju ya kinga. Tunajua kinga ndiyo itatoka."

Mjane akageuka, akamwambia konvoyeri aishushe kinga yake.