Mafuta ya Mama wa Ubatizo

Sitaki kumsikia mtu akisema wifi yangu Matrida ni mjinga. Nitagombana naye hapo hapo! Matrida anauza dagaa sokoni Mwigobero, na hajazaliwa wa kumchezea kipimo. Alikosea kumwamini Anastazia tu, na wewe ungemwamini.

Binti yake, Nyamburi, ana miaka sita na ana kifafa. Kwetu huku mtoto akianguka watu wanakimbia, eti ukigusa povu lake na wewe utaanguka. Hata kwenye jumuiya, waumini wenzetu walikuwaga wanahamisha viti. Anastazia, mama yake wa ubatizo, ndiye peke yake alikuwaga anapiga magoti, anamlaza ubavu na kumfuta mdomo kwa khanga yake. Mtu wa namna hiyo utaanzaje kumhoji?

Basi akaja nyumbani Makoko na kichupa cha mafuta.

"Mama Nyamburi, ni ya bangi, ila imesafishwa. Wazungu wenyewe wanawapa watoto wao. Vidonge vya hospitali acha, haviendani nayo."

Matrida akaacha. Akawa ananunua kwake, kichupa baada ya kichupa, kimoja chepesi, kingine kizito kama lami. Mtoto akawa analala tu, uji hataki. Anastazia akasema ndiyo dawa inafanya kazi.

Jumapili moja, tukijiandaa kwa misa, Nyamburi akaanguka. Akatetemeka, akatulia, akaanza tena, mpaka tukamfikisha hospitali hajazinduka. Daktari alihangaika naye kwanza, ndipo akatugeukia na kile kichupa tulichompa.

"Ipo dawa inayotokana na mmea huo, kwa aina chache za kifafa, na inapimwa. Hii yenu hakuna anayejua nguvu yake wala ilichochanganywa. Na vidonge vya kifafa haviachwi ghafla, mama."

Nyamburi alirudi nyumbani, lakini maneno mengi yamempotea. Mimi shangazi yake ananitazama tu, jina langu hana. Inaniuma, jamani, inaniuma!

Na bado Matrida alikuwa anamtetea Anastazia. "Na yeye alidanganywa, wifi. Alitupenda." Nikamwacha aamini hivyo, maana alikuwa amebakiwa na rafiki huyo mmoja.

Siku ya kliniki ya kifafa tukamkuta Anastazia kwenye benchi, amempakata Robi, kitinda mimba wake, yule tuliyeambiwaga anakaa Bunda kwa bibi yake. Nesi akamwita Robi, akamkabidhi mama yake vidonge vya mwezi. Vile vile vya Nyamburi! Loo, kikulacho ki nguoni mwako.

Matrida akamsogelea. Hakupaza sauti.

"Dada, kumbe Robi naye anaumwa? Na yale mafuta, yeye humpi?"

Anastazia akavitia vidonge kwenye mkoba, akamvuta mtoto kifuani.

"Usinijazie watu hapa, Mama Nyamburi. Huyu nimemzaa mwenyewe."