Kompyuta ya Mukurweini Ilipoulizwa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na meneja wetu alizijua. Hata hivyo alisimama mbele ya ofisi nzima akasema karani wa Mukurweini anazima kompyuta makusudi ili tusimwone, na mwezi ukiisha ataenda nyumbani. Nilimwambia, "Huyo mama hazimi kitu." Akaniuliza ninajuaje. Nikarudi kwenye kiti changu nimevimba.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Chama chetu cha ushirika wa maziwa kilikuwa kimeweka kompyuta ya Windows katika kila tawi: Wamagana, Chaka, Mukurweini. Pale Nyeri mjini tulikuwa na programu ya kuzisimamia zote. Kila kompyuta ilipaswa kutupigia kupitia modemu, kile kisanduku kinachoiunganisha na laini ya simu, iseme iko hai na ipokee marekebisho yake. Wamagana ilisema. Chaka ilisema, kama upepo haujaangusha nguzo. Mukurweini ilisema asubuhi, kisha ikanyamaza kutwa nzima.

Kuzitunza ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa nimeenda Mukurweini hadi wauza ndizi wananisalimu. Kila nikifika, karani ananipokea kwa mikono miwili, anaondoa vitu mezani, tunakunywa chai. Chai ya watu huwezi kukataa, utaambiwa una maringo. Tukimaliza naketi kwenye kompyuta, nayo inafanya kazi bila wasiwasi. Meneja aliposikia hivyo alipiga meza. "Unaona? Ukienda inafanya, ukirudi inakufa. Nani anaizima kama si yeye?"

Ati nani! Yule mama alikuwa mjane, na watoto wake walisoma kwa kazi hiyo hiyo. Niliapa hataipoteza kwa sababu sisi ni wavivu wa kufikiri.

Ugonjwa wa ile kompyuta ulikuwa unajificha mgeni akifika. Basi nikaamua kuipelekea mgeni asiyekunywa chai. Niliandika programu fupi ya kukaa ndani yake na kuiuliza, kila saa, bila mtu kugusa kitu, maswali ambayo ningeyauliza mimi. Uko macho? Modemu inakujibu? Simu ina mlio? Nyeri inaitika? Jibu likikosekana, isimame hapo, iandike ni swali gani, kisha ingoje laini irudi itutumie.

Ilinitesa nilipoijaribu pale Nyeri. Kwanza iliuliza modemu, ikakaa kungoja jibu mpaka kompyuta yote ikaganda. Nikaifundisha kungoja kidogo tu. Kisha ikashika simu ikakataa kuiachilia, wakulima wakipiga wanakuta laini imeshikwa, nikatukanwa vizuri. Meneja akaniambia niache michezo. Nikamwambia mwezi haujaisha.

Nilipoiweka Mukurweini, asubuhi zilizofuata ripoti zilianza kuingia, zote na neno moja: kompyuta iko macho, haijazimwa hata kidogo, lakini jua likishapanda modemu haijibu. Nikazichapisha nikamwekea meneja mezani. Akazisoma, akazisukuma kando. "Hii umeandika wewe. Itasema unavyotaka."

Nikazikusanya karatasi zangu. "Basi twende wote wawili," nikamwambia, "na hakuna mtu kunywa chai."

Tulifika mchana. Karani alituona akainuka, akaanza kuondoa vitu mezani. "Mama, tafadhali usiguse kitu," nikasema, hata salamu sijatoa. Uso ulimbadilika, akadhani tumekuja kumfukuza. Kwenye skrini programu ilikuwa imeandika kwamba modemu haijibu. Nikaitafuta modemu. Ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kama tunavyofunika redio na makochi nyumbani. Nikapitisha mkono chini yake nikautoa mbio. Ilikuwa moto kama pasi.

"Haiya! Mama, hiki kitambaa huwa unakitoa nikija?"

"Si lazima nitoe? Mgeni atakaa aje na meza imejaa? Na hiyo mashine ikishika vumbi, si ni mimi nitaulizwa?"

Tukaiacha wazi ipoe. Meneja alitaka niiendeshe programu kwa mkono, nikakataa. Ijiulize yenyewe. Akakaa kwenye kiti cha wageni, macho kwenye skrini, mpaka saa ya kujiuliza ikafika. Modemu ilijibu. Simu ikalia. Nyeri ikaitika. Nilipiga makofi peke yangu, furaha imenijaa kifuani.

Meneja akakohoa, akainuka. "Basi mama, tumeona si wewe ulikuwa unazima. Endelea na kazi."

Nilidhani karani atashukuru. Alikunja kitambaa chake polepole, akakiweka ndani ya droo.

"Mimi nilikuambia sijazima," akamwambia. "Nilikuambia kwa simu. Nikakuja mpaka Nyeri, nikakuambia nikiwa nimesimama mbele yako, ukasema mimi ni mwongo. Sasa mashine imesema, umesikia."

Mkulima alikuwa dirishani akitaka dawa ya ng'ombe. Karani akaenda kumhudumia, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, na sisi wawili tukabaki tumesimama katikati ya ofisi yake.