Matembele ya Wifi

Kwa miaka sita vidonda vilinizunguka vifundo vya miguu, na kwa miaka sita kila mtu alijua sababu isipokuwa mimi. Sukari, walisema. Nikapimwa, sina sukari. Basi umekanyaga kitu, wakasema, mwenye duka la vitenge Kariakoo hakosi maadui. Nilichoka kukanyaga vitu nisivyoviona.

Daktari mmoja wa Upanga ndiye aliyekata kipande cha ngozi akakipima. Mishipa midogo inazibwa na damu iliyoganda, alisema. Ugonjwa adimu, na wao wanatafiti kama dawa ya kuzuia damu kuganda, inayotumika siku zote kwa magonjwa mengine, itaufaa. Kidonge kila jioni, kupimwa damu kila wiki. Nilitia sahihi palepale bila kikao cha ukoo, na ukoo wa mume wangu haujanisamehe mpaka leo.

Wifi yangu alisikia dawa inaifanya damu iwe nyepesi, akaelewa kwamba inaimaliza. Kila mchana akawa ananiletea dukani hotipoti ya matembele, ya kuongeza damu. Kukataa chakula cha wifi ni vita, nami vita nilikuwa navyo vya kutosha. Nikala.

Wiki ya tatu mtafiti alitazama majibu yangu, akakunja uso.

"Mama, damu yako inaganda kama ya mtu ambaye hajagusa dawa. Kama humezi, sema tukutoe kwenye utafiti."

Nilipandwa na hasira. Mimi, niliyegombana na ukoo mzima kwa ajili ya kidonge kile!

"Wenye ugonjwa huu mnao wangapi?"

"Wachache sana."

"Basi hunitoi. Niulize ninakula nini."

Nilipotaja hotipoti nzima ya matembele kila siku, aliweka kalamu chini. Siku ya kwanza waliniambia mboga za majani zisizidi, maana zinaipunguzia dawa nguvu. Nilidhani wanasema za jikoni kwangu. Za kuletewa sikuzihesabu.

Kesho yake nilimrudishia wifi hotipoti ikiwa imejaa, wateja wakitazama.

"Watakumaliza damu, we!"

"Wifi, damu yangu, miguu yangu."

Nikavua soksi ambazo sikuwahi kuzivua mbele ya wateja, nikasimama na vidonda vyangu nje.

"Haya, nani alikuwa anataka kitenge?"